Ekari moja ya misindano (paini) hutoa mbao kiasi gani? Hesabu ya msitu wa kupandwa

Julai 2023, Rais William Ruto alipotangaza kuondolewa kwa marufuku ya kuvuna miti katika misitu ya serikali ya Kenya, marufuku iliyokuwepo tangu Februari 2018, watu waligawanyika siku hiyo hiyo. Wenye viwanda vya mbao walishangilia, maana kwa miaka walikuwa wakilia kwamba miti iliyopandwa imeshakomaa na inaozea msituni. Wengine walishika vichwa: nchi inahangaika na ukame, halafu tunaruhusu misumeno? Huku Tanzania mkanganyiko una sura nyingine. Kwenye makundi ya WhatsApp hayaishi matangazo ya mashamba ya miti ya Mafinga, Njombe na Makete: nunua ekari moja, subiri miaka kumi, vuna mamilioni. Mtu mwenye kiinua mgongo chake anasoma, anazidisha idadi ya miti kwa bei ya mti, anatuma pesa.

Mabishano yale na matangazo haya yanategemea jambo moja ambalo ni nadra kuelezwa. Miti ya kupandwa hukua kwa mwendo unaopimika, na mwendo huo umechunguzwa kwa zaidi ya miaka mia mbili. Anayeuelewa anajua mti ukatwe lini, ekari inaweza kutoa nini, na tangazo lipi halina ukweli. Hesabu zake hazimshindi aliyemaliza darasa la saba, na naamini kila anayetaka kununua shamba la miti, au kubishana kuhusu msitu wa taifa lake, anastahili kuzijua.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Msitu wa kupandwa ni ule ulioanzishwa na watu, mara nyingi kwa aina moja ya mti, na miti yote ya kipande kimoja ina umri mmoja. Mkubwa kuliko yote Tanzania ni Sao Hill, wilayani Mufindi mkoani Iringa, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ambako misindano na mikaratusi imetanda vilima kwa vilima. Longuza, wilayani Muheza, ni msitu wa mitiki. Msitu wa asili ni kitu kingine kabisa: aina nyingi za miti, umri tofauti, na hakuna aliyeupanda. Tathmini ya kitaifa iliyochapishwa mwaka 2015 ilionyesha kwamba Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, na karibu yote ni ya asili. Mashamba ya miti ni kipande kidogo tu cha hapo, lakini ndiyo yanayotoa sehemu kubwa ya mbao za kuezekea nyumba zetu.

Ujazo ni kiasi cha mti kama mbao au gogo, na hupimwa kwa mita za ujazo, yaani boksi la mita moja kila upande. Ongezeko ni ujazo unaoongezeka kwenye hekta moja kwa mwaka mmoja. Hekta moja ni kama ekari mbili na nusu. Na modeli ya ukuaji, neno linalowatisha wengi, ni milinganyo inayochukua vitu vichache unavyoweza kuvipima leo, kama umri wa miti, urefu wake na idadi yake, ikakupa makadirio ya ujazo utakaokuwepo miaka ijayo.

Kila kitu kinaanzia kwenye mti mmoja. Mpimaji anausogelea msindano, na kama pana mteremko anasimama upande wa juu. Anapima mita 1.3 kutoka ardhini, pale ambapo kwa mtu mzima ni usawa wa kifua, na nchi nyingi duniani zimekubaliana kupima hapo ili takwimu ziweze kulinganishwa. Anatoa kuvu na maganda yaliyolegea, anaangalia kama pana uvimbe au kifundo cha tawi, na kama kipo anasogea juu yake kidogo. Kisha anazungusha utepe maalumu ambao alama zake zimeshagawanywa kwa 3.14, kwa hiyo unausoma mzunguko lakini unapata kipenyo. Baada ya hapo anarudi nyuma mita 20, anatazama kilele kwa kifaa cha kupimia pembe, anatazama shina chini, na kifaa kinampa urefu.

Tuseme amepata kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 22. Eneo la duara lenye kipenyo hicho ni mita za mraba 0.0707. Kama shina lingekuwa nene sawasawa kutoka chini hadi juu, ungezidisha kwa 22 ukamaliza. Lakini mti huchongoka kadiri unavyopanda, kwa hiyo tunachukua sehemu tu ya hesabu hiyo, na kwa misindano mara nyingi ni kati ya 0.4 na 0.5. Tukitumia 0.45, mti huu una mita za ujazo 0.70.

Sasa uchukue mti wa jirani wenye kipenyo cha sentimita 15, nusu kamili ya ule, na urefu wa mita 15. Fanya hesabu ile ile. Utapata 0.12. Kipenyo ni nusu, mbao ni chini ya moja ya tano. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopoteza pesa zao, kwa sababu jicho hupima unene na urefu lakini halipimi eneo la duara. Ukitembezwa katika shamba la miti myembamba iliyosimama kwa mistari, macho yanaona utajiri. Na ujazo wa gogo bado si ujazo wa mbao. Gogo likipita kwenye dingdong, zile mashine za kuhamishika zinazopasua mbao vijijini kote Nyanda za Juu Kusini, nusu yake au zaidi inaweza kubaki kama mabanzi na unga, hasa gogo likiwa jembamba na msumeno ukiwa mnene.

Hakuna anayeweza kupima hivyo kila mti katika msitu wenye mamilioni ya miti. Wapimaji huweka maduara. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 11.28 lina eneo la mita za mraba 400, sawa na sehemu moja ya 25 ya hekta, kwa hiyo chochote utakachokikuta humo unazidisha kwa 25 kupata hekta. Mahali pa kuweka duara hupangwa kwenye ramani kabla ya kuingia msituni, kwa umbali ulio sawa, ili mpimaji asivutwe na sehemu iliyostawi. Picha za kwenye matangazo zina kasoro hiyo hiyo: mpigapicha amekwenda mwenyewe kwenye kona nzuri.

Baadhi ya maduara hufanywa ya kudumu. Miti yake hupewa namba kwa rangi na kupimwa tena kila baada ya miaka kadhaa, mpaka msitu uvunwe. Hizi ndizo data zenye thamani kuliko zote, kwani zinaonyesha mti ule ule ulivyobadilika, mingapi ilikufa, na mingapi ilizidiwa na majirani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, wamejenga milinganyo ya ujazo na ukuaji wa misindano ya Sao Hill kwa vipimo vya namna hii. Bila vipimo vya ardhini vilivyorudiwa, modeli yoyote, hata ikiwa na kompyuta kubwa kiasi gani, inabaki dhana.

Vipimo hivyo vinaonyesha nini? Tuchukue hekta moja ya misindano kwenye ardhi nzuri kiasi. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya mfano, ila umbo lake ndilo umbo la misitu ya umri mmoja karibu popote. Ikiwa na miaka 5, hekta ina mita za ujazo 20. Miaka 10, 110. Miaka 15, 240. Miaka 20, 350. Miaka 25, 425. Miaka 30, 475.

Angalia kila kipindi kiliongeza nini. Kati ya mwaka wa 5 na wa 10 ziliongezeka mita 90, yaani 18 kwa mwaka. Kipindi kilichofuata, 26 kwa mwaka. Kisha 22. Kisha 15. Kisha 10. Msitu huanza polepole wakati miche inajenga mizizi na majani, halafu unashika kasi, halafu unapoa. Miti yote hiyo bado ni hai na inarefuka, lakini kasi yake imepungua.

Hesabu ya pili ni ya wastani: gawa ujazo kwa umri. Mwaka wa 5 unapata 4. Mwaka wa 10, 11. Mwaka wa 15, 16. Mwaka wa 20, 17.5. Mwaka wa 25, 17. Mwaka wa 30, chini kidogo ya 16. Wastani ulipanda, ukafika kileleni, ukaanza kushuka. Kilele kipo pale ongezeko la mwaka linapolingana na wastani. Kabla ya hapo kila mwaka mpya unauvuta wastani juu, baada ya hapo kila mwaka mpya unaushusha. Kwa hekta yetu ni miaka ishirini na kitu, na haishangazi kwamba misitu ya serikali ya Tanzania kwa miongo mingi ilizoea kuvuna misindano ikiwa na miaka 25 hivi.

Sasa tuone ardhi hiyo hiyo kwa miaka 60. Ukivuna kila baada ya miaka 20, unavuna mara tatu, jumla mita 1,050. Ukivuna kila baada ya miaka 30, unavuna mara mbili, jumla 950. Ukivuna kila baada ya miaka 10, unavuna mara sita, na jumla ni 660 tu. Tazama tofauti. Kuchelewa kwa miaka kumi kumepunguza mavuno kwa sehemu moja ya kumi. Kuwahi kwa miaka kumi kumeyapunguza kwa zaidi ya theluthi moja, na magogo yenyewe ni membamba.

Ukirudi Kenya na jicho hilo, pande zote mbili zina la kujibu. Hoja kwamba kila mti uliokomaa unaoza mara tu usipokatwa imetiwa chumvi, maana mkunjo huu wa ukuaji, yaani namba zile za wastani, hushuka taratibu. Lakini msitu uliopitisha umri wake kwa miaka mingi kweli hupoteza, kwani ongezeko linadhoofika, miti mingine inafia ndani au inaangushwa na upepo, na ardhi imeshikwa na msitu mzee wakati msitu mchanga ungeongeza mara mbili ya hapo. Upande wa pili, wanaosema kukata shamba la misaiprasi ni sawa na kukata msitu wa asili wanachanganya vitu viwili. Msitu wa asili wa miombo huongeza mita chache tu za ujazo kwa hekta kwa mwaka, wala hakuna aliyeupanda ili auvune. Ukizuia mashamba ya miti kuvunwa, watu hawaachi kuezeka, bali shinikizo linahamia kwenye miti ya asili au mbao zinaagizwa nje. Wasiwasi wa wananchi ninaouheshimu ni mwingine: je, watakaoingia na misumeno watabaki ndani ya mipaka ya shamba, na je, ardhi itapandwa tena msimu unaofuata? Hesabu yote niliyoionyesha inadhani ardhi inapandwa tena mara moja. Isipopandwa, hapo ndipo msitu umepotea kweli.

Sasa tuje kwenye imani inayowaumiza wakulima wengi, kwamba ukipanda miti mingi kwenye ekari utapata mbao nyingi. Utaona shamba limepandwa kwa mita mbili kwa mbili, miti zaidi ya elfu moja kwa ekari, na mwenye shamba anajisifu kwa idadi. Lakini ardhi ni sinia la wali. Kiasi cha chakula kimeshapangwa na rutuba, kina cha udongo na mvua, na ukiwakaribisha walaji ishirini badala ya watano, wali hauongezeki. Kila mmoja anapata tonge dogo.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, mtaalamu wa Ujerumani aitwaye Eichhorn alionyesha kwamba ukijua urefu ambao msitu wa aina fulani umefikia, unaweza kukadiria kwa karibu ujazo wote uliozalishwa, bila kujali sana umri wake. Miaka ya 1930, A. J. O'Connor wa Afrika Kusini aliweka majaribio makubwa ya misindano na miti mingine iliyopandwa kwa nafasi tofauti, na mwenzake I. J. Craib akatetea kwa nguvu kupunguza miti mapema na kwa wingi. Kipande chenye miti mingi kilijaza ardhi haraka zaidi na kikatangulia miaka ya mwanzo, hilo ni kweli. Lakini kadiri miaka inavyokwenda tofauti ya jumla inapungua, huku tofauti ya unene wa mti mmoja mmoja inazidi kuwa kubwa. Miti iliyobanana inabaki kuwa mirunda. Miti iliyopewa nafasi inakuwa magogo ya mbao.

Ndiyo maana kupunguza miti ni sehemu ya kilimo chake kama palizi ilivyo kwa mahindi. Unapanda kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, unapata miti 450 hivi kwa ekari. Baada ya miaka kadhaa unaondoa iliyopinda, iliyogawanyika matawi mawili na iliyodumaa, na baadaye unaondoa tena, mpaka inabaki 150 hadi 250 bora ya kufikia mavuno ya mwisho. Mkulima anayekatwa na uchungu kuangusha mti hai nusu ya umri wake namwelewa. Lakini asipouondoa yeye, miti yenyewe itaondoana, na itakayokufa itakuwa imeshakula miaka ya chakula cha wenzake. Mmarekani L. H. Reineke alilionyesha hilo mwaka 1933: kwa kila unene wa wastani kuna idadi ya miti ambayo ardhi haiwezi kuipita.

Kama ubora wa ardhi ndio unaoamua, unaupimaje? Ungedhani ni kwa kupeleka udongo maabara, na hilo husaidia. Lakini wanamisitu wana njia rahisi ambayo naipenda kwa uzuri wake. Wanaangalia miti mirefu kuliko yote kwenye kipande na umri wake. Unene hutegemea sana nafasi, ila urefu wa miti iliyotawala hauguswi sana na idadi ya majirani, kwa hiyo urefu huo unasema habari za ardhi yenyewe. Misindano ya miaka 20 iliyofika mita 25 na ile ya miaka 20 iliyofika mita 16 imesimama kwenye ardhi mbili tofauti kabisa, hata kama zote ziko wilaya moja na zinauzwa kwa bei moja ya ekari. Modeli nzuri huuliza swali hili kabla ya mengine yote.

Turudi kwa yule mwenye kiinua mgongo. Tangazo lilimwambia ekari ina miti 600, kila mmoja utauzwa bei fulani, zidisha. Tumfanyie hesabu kwa mfano wetu wa ardhi nzuri kiasi. Ukiwa na umri wa miaka 10, msitu una mita 110 kwa hekta, yaani takribani 44 kwa ekari. Ukigawa kwa miti 600, kila mmoja una mita 0.07. Huo ni mti mdogo kuliko ule wa sentimita 15 tuliopima mwanzo. Bei aliyotajiwa pengine ni ya mti wa sentimita 30, ambao una ujazo mara kumi ya huo. Hakuna aliyesema uongo kuhusu idadi wala kuhusu bei. Uongo umezaliwa pale vilipozidishwa pamoja.

Hata hivyo, ukienda vijijini Mufindi au Njombe utakuta wengi wanakata miti ikiwa na miaka minane, tisa, kumi. Si kwa kutojua. Mtoto amechaguliwa kwenda sekondari, mama amelazwa, na shamba la miti ndiyo benki ya nyumbani. Mjerumani Martin Faustmann aliliweka jambo hili katika mlinganyo mwaka 1849: muda wa kusubiri una gharama, kwa kuwa pesa ya leo ingeweza kuzaa pengine, na ardhi ingeweza kuanza msitu mwingine.

Katika mfano wetu, kutoka mwaka wa 10 hadi wa 15 ujazo unakua kwa takribani asilimia 17 kwa mwaka. Kutoka 15 hadi 20, karibu asilimia 8. Kutoka 20 hadi 25, asilimia 4. Kwa mtu mwenye mkopo wa riba ya asilimia 15, ujazo peke yake unamwambia akate miti ikiwa na miaka 15 hivi, siyo 22. Kinachoweza kumshawishi asubiri ni bei: gogo nene linauzwa ghali zaidi kwa kila mita ya ujazo, na kama mnunuzi wa kijijini analipa bei moja kwa kila mti bila kujali unene, basi anamfundisha mkulima kukata mapema. Ningependa wanaolaumu wakulima kwa kuvuna miti michanga watazame kwanza bei inavyopangwa pale barabarani. Miti michanga ina gharama nyingine inayohamia kwa mjenzi: mbao za miaka ya mwanzo ya mti ni laini na nyepesi, na hupinda zikikauka. Paa linaloonekana limelegea baada ya misimu miwili ya mvua mara nyingi lilianzia hapo.

Modeli haioni kila kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, ugonjwa wa kuvu unaokausha majani uliangamiza msindano aina ya radiata Afrika Mashariki kiasi kwamba upandaji wake uliachwa, na hakuna mkunjo wa ukuaji uliokuwa umeutabiri. Mwaka 1986 vidukari wa misaiprasi walionekana Malawi, na miaka michache baadaye mashamba ya Kenya yalikuwa yakikauka. Moto ni mbaya zaidi, maana unachukua miaka 15 ya ukuaji kwa mchana mmoja, na mwenye ekari moja iliyozungukwa na majirani wasiofyeka njia za moto hana ulinzi wowote. Modeli iliyojengwa kwa vipimo vya Sao Hill ikipelekwa Handeni au pwani, kwenye mvua na udongo tofauti, itatoa jibu lenye desimali mbili na kosa kubwa. Jibu la kweli la modeli ni wigo: kati ya hapa na hapa, kama mambo yakienda kama yalivyokwenda kwenye maduara tuliyopima.

Liko pia tatizo ambalo si la mti mmoja wala ekari moja, ni la msitu mzima wa taifa. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi ya Saxony iliyokuwa inaishiwa kuni, aliandika kwamba tusikate zaidi ya kinachoota. Namna rahisi ya kutimiza hilo ni ngazi ya umri: kama unavuna kwa miaka 25, gawa msitu vipande 25, kila mwaka kata kimoja na ukipande upya. Msitu wa hekta 50,000 ungetoa hekta 2,000 kila mwaka bila kukoma. Lakini ngazi huharibiwa kirahisi. Sao Hill ilipandwa kwa kasi miaka ya 1970 na 1980, lengo mojawapo likiwa kulisha kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Sehemu kubwa ikipandwa pamoja, hukomaa pamoja, mbao zinajaa sokoni, kisha kinafuata kipindi cha upungufu. Marufuku ya miaka mitano, kama ile ya Kenya, huitoboa ngazi hiyo hiyo: vipande vitano havikukatwa, kwa hiyo havikupandwa, na pengo litaonekana miaka 25 au 30 baadaye, wakati waliotia saini wameshastaafu.

Siku hizi hesabu hii imepata mteja mpya, biashara ya kaboni, yaani malipo kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na miti. Karibu nusu ya uzito wa mti uliokaushwa ni kaboni, na mita moja ya ujazo ya msindano, katika shina peke yake, inabeba takribani robo tatu ya tani ya hewa ukaa. Mnunuzi wa kaboni hutumia maduara yale yale na milinganyo ile ile. Tofauti ni kwamba analipa kwa kinachozidi kile ambacho kingetokea bila mradi, na hilo linahitaji makadirio ya pili, ya msitu ambao haupo. Kijiji kinachosaini mkataba wa miaka mingi kina haki ya kuonyeshwa makadirio yote mawili, kwa Kiswahili.

Kwa anayetaka kununua shamba la miti, usiende na kalamu na bei pekee. Chukua kamba ya mita 11.28, kigingi na utepe wa fundi cherehani. Chagua sehemu tatu au nne kwenye karatasi kabla hujafika shambani, na muuzaji asikuchagulie. Kila sehemu simamisha kigingi, zungusha kamba, pima mzunguko wa kila mti ulio ndani kwa usawa wa mita 1.3 na ugawe kwa 3.14. Hesabu pia visiki na miti mikavu. Muulize mwaka wa kupanda na utafute jirani wa kuuthibitisha. Tafuta miti mirefu kuliko yote na ulinganishe urefu wake na shamba jingine la umri huo huo kijijini. Uliza nani analinda njia za moto mwezi wa Septemba na Oktoba. Muuzaji anayekubali ukae shambani mwake asubuhi nzima ukipima, huyo mnaweza kuanza kuzungumza naye bei.